Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kozi za Utangulizi za Ustawi wa Jamii na Taaluma za Dunia

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wazazi wao na watu wazima wanaorudi darasani huyarudia kila muhula unapofunguliwa. Mifano mingi ni ya Tanzania, na pale ambapo Kenya au nchi nyingine hufanya vingine tumesema hivyo. Jibu likiwa limekwishatolewa mahali pengine, tunakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Ustawi wa jamii ni somo la nini hasa?

Ni somo linalochunguza namna jamii inavyojipanga ili mtu asiachwe peke yake na shida ambayo hakuiumba, au ambayo hata kama aliiumba hawezi kuimaliza kwa nguvu zake: uzee, ulemavu, ugonjwa wa muda mrefu, uyatima, kukosa kazi, ndoa iliyovunjika, mtoto anayekinzana na sheria. Kozi ya utangulizi husuka mambo matatu kwa pamoja, yaani historia ya huduma hizo, sera na sheria zinazoziongoza, na kazi yenyewe ya mtaalamu anapokaa na mtu au familia.

Mashirikisho ya kimataifa ya taaluma hii yalikubaliana mwaka 2014, huko Melbourne, juu ya maelezo ya pamoja yanayoitaja kuwa ni kazi ya vitendo na wakati huohuo ni taaluma ya kitabuni, iliyosimama juu ya haki ya kijamii, haki za binadamu, uwajibikaji wa pamoja na kuheshimu tofauti za watu. Utatakiwa kuyajua maelezo hayo. Lakini usiyakariri tu: swali la mtihani huja kwa sura ya kisa, nalo hukutaka uoneshe kanuni ipi inagongana na ipi katika kisa hicho.

Na Taaluma za Dunia?

Hili ni jina la jumla la masomo yanayotazama mambo yanayovuka mipaka ya nchi, yakiwamo biashara, madeni, uhamaji, wakimbizi, magonjwa ya mlipuko, tabianchi, vita, na taasisi zinazojaribu kuyasimamia. Hutofautiana na somo la Mahusiano ya Kimataifa kwa kuwa hilo huanzia serikali na ubalozi, ilhali Taaluma za Dunia huanza na mtu, bidhaa au fedha inayosafiri, na serikali huhesabiwa kuwa mmoja tu wa wahusika.

Mbona sioni kozi yenye jina hilo chuoni kwetu?

Kwa sababu katika Afrika Mashariki maudhui yake yametawanywa chini ya majina mengine. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sehemu kubwa imo ndani ya Taaluma za Maendeleo, ambazo wanafunzi wenyewe huziita «DS» na ambazo husomwa hata na wale wa uhandisi, wakinung'unika. Anayetaka upande wa diplomasia huenda chuo cha Kurasini kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ubia wa Tanzania na Msumbiji, na ambacho sasa kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Jina la kozi lisikubabaishe. Soma muhtasari wake.

Kuna tofauti gani kati ya ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii?

Hili huulizwa kuliko yote, na lina sababu ya kuulizwa, kwa kuwa maofisa wa fani zote mbili huweza kukaa jengo moja la halmashauri, chini ya wizara moja, na mwananchi asijue abishe mlango upi.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kuuliza ni nani aliyeketi kwenye kiti cha mbele. Kwa Afisa Ustawi wa Jamii ameketi mtu au familia yenye shauri: mama anayedai matunzo ya mtoto, mzee aliyetelekezwa, kijana ambaye mahakama imeomba taarifa ya uchunguzi wa kijamii juu yake kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa Afisa Maendeleo ya Jamii kimeketi kikundi au kijiji chenye mpango, kama vile kikundi cha kina mama kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Mafunzo nayo yana historia tofauti. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Ya Maendeleo ya Jamii, Tengeru, ina mizizi ya miaka ya 1960, enzi za kujenga taifa kijijini. Mpaka kati ya fani hizi hauko wazi kila mara, na afisa mzuri huwa anajua lini ampeleke mtu mlango wa pili.

Kwa nini kozi hizi mbili zipangwe pamoja?

Kwa sababu shauri lililo mezani kwa afisa wa wilaya mara nyingi limeanzia mbali asikofika yeye. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile iliundwa mwaka 1967 ikiendesha reli, bandari, posta na shirika la ndege kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ikavunjika mwaka 1977 kwa sababu za kisiasa na kiuchumi ambazo mwanafunzi wa Taaluma za Dunia huzichambua kwa wiki nzima: mgawanyo wa faida usiolingana, itikadi zilizoachana, na uhasama kati ya Nyerere na Idi Amin. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984 tu, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht.

Sasa mtazame mfanyakazi wa reli aliyekuwa akikatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya uzee wake. Jumuiya ilipokufa, aliyemwahidi pensheni hakuwapo tena. Wazee hao walidai haki zao Dar es Salaam kwa miongo kadhaa, wengine wakifa bila kuipata. Je, hilo ni somo la mahusiano ya mataifa au la hifadhi ya jamii? Mwanafunzi anayejibu upande mmoja tu hupata nusu ya alama, na kwa maoni yangu hiyo nusu yenyewe ni ukarimu.

Je, ustawi wa jamii si sadaka kwa jina jingine?

Hapana, ingawa undugu upo na kozi haiufichi. Kabla ya idara yoyote ya serikali watu walikuwa wakizikana, wakilea yatima wa ukoo, wakitoa zaka, wakiweka wakfu nyumba na mashamba kwa ajili ya wasiojiweza, kama mji wowote wa pwani unavyoweza kukuonesha. Hayo yote yanaendelea, na bila hayo ofisi za ustawi zingezidiwa siku moja.

Tofauti iko katika neno «haki». Anayepokea sadaka hushukuru, na asipopewa hana pa kulalamika. Anayestahili kwa sheria anaweza kudai. Zanzibar ilipoanza kulipa Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, kila mkazi aliyefikisha miaka 70 na kutimiza masharti ya ukaazi alistahili, awe maskini au awe na duka. Wengi darasani hushtuka hapa na kuuliza kwa nini mwenye duka apewe. Jibu lina pande mbili. Kumchambua nani ni maskini kunagharimu fedha, kunafungua mlango wa upendeleo, na kunamwaibisha anayechambuliwa. Kwa upande mwingine, fedha ikigawanywa kwa wote kila mmoja hupata kidogo. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, ulioanza mwaka 2012, ulichagua njia ya pili, ya kuzitafuta kaya maskini kwanza. Kenya nayo, chini ya mpango wa Inua Jamii, ilifungua mlango kwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018. Mabishano haya ya «wote au wahitaji tu» ndiyo uti wa mgongo wa nusu ya kwanza ya kozi.

## Kujiunga

Sifa za kujiunga ni zipi?

Kwa Tanzania, ngazi ya cheti kwa kawaida hudai ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Kwa stashahada mlango ni kidato cha sita, kwa ufaulu wa chini kuliko unaodaiwa kwa shahada, au cheti husika cha awali. Shahada huhitaji alama mbili kuu za kidato cha sita zenye jumla ya pointi 4.0, au stashahada yenye wastani usiopungua 3.0. Chuo kinaweza kuongeza masharti yake, kwa hiyo fungua mwongozo wa udahili wa mwaka husika: wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, kwa cheti na stashahada, na wa TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa shahada. Kenya hutumia wastani wa mtihani wa kumaliza sekondari (KCSE), yaani C+ kwa shahada na C- kwa stashahada.

Nilisoma mchepuo wa sayansi. Nitaweza?

Utaweza. Aliyesoma biolojia huwa mbele katika ukuaji wa binadamu, na aliyezoea hesabu haogopi kozi ya takwimu inayowatoa wengine jasho. Kitakachokusumbua ni insha. Tazama jibu la namna insha zinavyosahihishwa.

Krediti ni nini, na kozi moja inanidai muda gani?

Katika mfumo wa Tanzania krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo za darasani, maktaba, mazoezi na maandalizi ya mtihani. Mwaka mmoja una krediti 120. Kozi ya krediti 10 basi ni saa 100 kwa muhula, na darasani hutakaa hata nusu yake. Wanaofeli utangulizi, kwa jinsi nilivyoona, wengi hawakukosa akili. Walidhani saa za darasani ndizo kozi nzima.

Nikimaliza kozi ya utangulizi nitaruhusiwa kufanya kazi ya ustawi?

La. Kozi ya utangulizi ni mlango tu. Kazi ya Afisa Ustawi wa Jamii hutolewa kwa mwenye cheti, stashahada au shahada kamili ya fani hiyo kulingana na muundo wa utumishi. Unaweza kujitolea mahali, lakini usijitambulishe kuwa mtaalamu. Mtu aliye katika dhiki hatakuomba cheti, na hapo ndipo madhara hutokea.

## Yanayofundishwa

Kwa nini tunasoma historia ya Uingereza na Ujerumani badala ya yetu?

Msisome badala yake. Someni pamoja na yetu. Sheria ya Maskini ya Uingereza ya mwaka 1601, iliyozitaka parokia zitoze kodi ya kuwatunza maskini wao, ndiyo iliyoacha mgawanyo mbaya wa «maskini anayestahili» na «asiyestahili» ambao bado unasikika katika mikutano ya vijiji vyetu. Bismarck, Chansela wa Ujerumani, alianzisha bima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali kazini 1884 na ya uzee 1889, nia yake mojawapo ikiwa ni kuwazuia wafanyakazi wasivutwe na wanasoshalisti. NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii unaokusanya michango ya mwajiri na mwajiriwa, umefuata mkondo huo wa bima. Ripoti ya Beveridge ya mwaka 1942, huko Uingereza, ilitaja majitu matano ya kupigwa vita: ufukara, maradhi, ujinga, uchafu wa makazi na ukosefu wa kazi. Mwanafunzi wa Tanzania hupaswa kuchangamka hapo, kwa sababu babu yake aliimba habari za maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi.

Kufanana huko kusikufiche tofauti. Uingereza ilikuwa na viwanda na kodi ya mishahara ya kugharamia mpango wake. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa nchi ya wakulima ambao hawakatwi mshahara kwa kuwa hawana mshahara. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijaribu kujibu swali la ustawi kupitia kijiji na ardhi. Kama lilifaulu au halikufaulu ni insha nzuri ya muhula.

Waafrika wako wapi katika historia ya taaluma hii?

Wapo, na wengine mnawajua kwa majina bila kujua kwamba walipitia darasa hili. Chuo cha Jan Hofmeyr, Johannesburg, kilichofunguliwa mwaka 1941 kuwafunza weusi kazi ya ustawi, kilimsomesha Winnie Madikizela-Mandela, ambaye baadaye alikuwa mtaalamu wa ustawi katika hospitali ya Baragwanath. Joshua Nkomo wa Zimbabwe alipita hapo. Eduardo Mondlane wa Msumbiji naye alisoma hapo kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand na kufukuzwa nchini mwaka 1949. Mondlane ndiye aliyeiongoza FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na ndiye aliyeuawa kwa bomu mjini humohumo tarehe 3 Februari 1969. Anayedai kwamba fani hii ni ya watu wapole wasiopenda siasa asome habari za wanafunzi hao.

Kwetu, idara za kikoloni za ustawi zilipata nguvu baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliporudi kutoka Burma na kwingineko wakiwa wameona dunia na wakihitaji kurejeshwa katika maisha ya kiraia. Ustawi uliletwa kuwasaidia, na pia kuwatuliza.

Nadharia za Taaluma za Dunia ni nyingi mno. Nianzie wapi?

Anza na swali moja: kwa nini nchi fulani ni maskini? Wanadharia wa usasa watasema imechelewa tu, itafuata njia waliyopita wengine. Wa utegemezi watasema haikuchelewa, ilirudishwa nyuma kwa jinsi ilivyounganishwa na soko la dunia. Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970, aliijenga hoja hii kwa mifano ya Afrika, na kitabu chake cha mwaka 1972 kilichapishwa Dar es Salaam na London. Immanuel Wallerstein, ambaye kazi yake ya mwanzo ilihusu Afrika, aliipanua kuwa nadharia ya mfumo dunia wenye kitovu, pembezoni na nusu pembezoni. Wengine watakuambia tazama ndani: utawala, rushwa, taasisi.

Usichague kambi wiki ya pili. Chukua korosho ya Mtwara, ifuate kutoka shambani hadi kiwanda cha kubangua nje ya nchi na rafu ya duka la Ulaya, kisha uulize kila nadharia inaona nini na inapofuka wapi.

Kuna hesabu?

Kidogo, na ni za kufikiri zaidi kuliko za kukokotoa. Mstari wa umaskini wa kupindukia wa Benki ya Dunia, kwa mfano, ulianza na dola 1 kwa siku mwaka 1990, ukapanda hadi 1.25 mwaka 2008, 1.90 mwaka 2015, 2.15 mwaka 2022 na 3.00 mwezi Juni 2025. Kila ulipobadilishwa, idadi ya maskini katika vitabu ilibadilika bila kaya yoyote kula zaidi au kupungukiwa usiku ule. Dola hizo pia hazibadilishwi kwa bei ya duka la fedha; hupimwa kwa uwezo wake wa kununua bidhaa katika nchi husika. Anayeelewa hayo mawili ameelewa sehemu kubwa ya kozi ya takwimu za jamii.

Wakimbizi husomwa katika kozi ipi?

Zote mbili. Upande wa dunia utasoma Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 na ule wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa mwaka 1969, uliopanua maana ya mkimbizi hadi kumhusu anayekimbia machafuko hata kama hakulengwa yeye binafsi. Upande wa ustawi utasoma maisha ya Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kigoma mwaka 1996, ambako mtoto anaweza kufikia utu uzima bila kuishi kwingine: nani anamlea aliyepotezana na wazazi, anasoma kwa mtaala wa nchi gani, na mtu mzima afanye nini akiwa haruhusiwi kutoka kutafuta kazi. Linganisha na uamuzi wa Tanzania wa kuwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa wimbi la mwaka 1972, na na sera ya Uganda ya kuwapa wakimbizi viwanja vya kulima.

Marekebisho ya kiuchumi yana uhusiano gani na ofisi ya ustawi hospitalini?

Uhusiano wa moja kwa moja. Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986; matumizi ya serikali yakabanwa, na mwaka 1993 hospitali za umma zikaanza kutoza. Ikabidi pawe na mtu wa kuamua ni mgonjwa yupi asiyeweza kulipa apewe msamaha, na kazi hiyo imekuwa ya Afisa Ustawi wa Jamii. Ukimwona leo anamhoji ndugu wa mgonjwa kuhusu mashamba na watoto walioko mjini, mlolongo wa swali lake unarudi hadi meza ya majadiliano ya Washington. Kwa mbinu za mahojiano hayo, tazama sehemu ya mafunzo kwa vitendo.

## Lugha, insha na mafunzo kwa vitendo

Tunasoma kwa Kiingereza, kazi ni kwa Kiswahili. Nifanyeje?

Tengeneza daftari la istilahi tangu wiki ya kwanza, na usiridhike na neno la kamusi. Maneno ya kazi hii yana uzito. Sheria na adabu ya taaluma hutaka tuseme «watu wenye ulemavu», «mtoto anayeishi mtaani», «mtoto anayekinzana na sheria». «Chokoraa» na «kilema» yaache nje ya ripoti, isipokuwa unanukuu. Zipo pia istilahi ambazo hazijatulia: anayehudumiwa tumwite mteja, mhusika au mhitaji? Mimi hupendelea mhusika, kwa sababu mteja hununua na mhitaji huonekana hana chochote. Mwalimu wako anaweza kutofautiana nami. Mfuate yeye kwenye mtihani.

Mkifika kijijini mtagundua kwamba Kiswahili nacho hakitoshi kila mahali. Mkalimani wa Kisukuma au Kimasai asiwe jirani wala mkwe wa mhusika.

Insha zinasahihishwaje?

Katika vyuo vingi kazi za muhula huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Msahihishaji hutafuta dai moja lililo wazi, ushahidi, hoja pinzani iliyopewa nafasi ya haki, na vyanzo vilivyotajwa. Kosa kubwa la mwaka wa kwanza ni kuhubiri. Insha inayosema «serikali inapaswa kuwajali wazee» haina kosa wala haina thamani. Iseme ni wazee wepi, kwa fedha ipi, kwa utaratibu gani, na nani atakosa ili wao wapate.

Naruhusiwa kutumia programu za akili mnemba?

Fuata kanuni ya chuo chako, na ikiwa haipo muulize mwalimu kwa maandishi. Hata inaporuhusiwa, jihadhari na mambo mawili. Programu hizo huweza kutaja sheria au vitabu ambavyo havipo. La pili ni zito zaidi: usiingize humo maelezo ya mhusika yeyote wa kweli, hata kama umeficha jina, kwa sababu katika wilaya ndogo kisa chenyewe kinatosha kumtambulisha mtu.

Mafunzo kwa vitendo huanza lini na yanahusu nini?

Wengi huenda mwishoni mwa mwaka, kwa wiki kadhaa, na wenyewe huyaita «field». Utapelekwa halmashauri, hospitali, makao ya watoto au ya wazee, mahabusu ya watoto, au shirika lisilo la kiserikali. Mwaka wa kwanza kazi yako ni kuona, kuandika na kuuliza. Utahudhuria mahojiano ukiwa na msimamizi, hutaendesha shauri.

Mahojiano yenyewe hufunzwa kwa kuigiza darasani kwanza. Jifunze kunyamaza. Mwanafunzi mpya humkatisha mzee katikati ya salamu ili afike kwenye fomu, kumbe katika salamu hizo, na za nyumbani, na za mvua, mzee ameshataja kwamba mwanawe hajapiga simu tangu Ramadhani. Shikamoo isiyosemwa inaweza kufunga mlango ambao fomu haitaufungua tena.

Siri ya mhusika ina mipaka?

Ina mipaka, na umweleze mapema kabla hajasema lolote. Mtoto akiwa katika hatari, au mtu akieleza nia ya kujidhuru au kumdhuru mwingine, hutakaa kimya. Utamwarifu msimamizi wako siku hiyohiyo. Tanzania ina namba 116 ya bure kwa taarifa za watoto. Mengine yote hayasimuliwi bwenini, wala kwenye kundi la simu la darasa, wala kwa mama mzazi.

## Hali zisizo za kawaida

Nimepitia mwenyewe ukatili au uyatima. Je, hilo ni faida au kikwazo?

Linaweza kuwa vyote viwili ndani ya wiki moja. Utaelewa haraka yale ambayo wenzako wanayasoma tu, lakini pia unaweza kumwona kila mhusika kuwa ni wewe, ukamshauri njia uliyoipita wewe. Vyuo vingi vina mnasihi. Muone kabla ya mafunzo kwa vitendo. Una haki ya kumwomba mratibu asikupeleke kituo kinachofanana mno na ulikotoka, bila kumweleza kisa chako chote.

Dini yangu inanielekeza tofauti na kanuni za taaluma katika baadhi ya mambo. Nitafeli?

Hutafeli kwa imani yako. Utafeli ukiifanya iwe sharti la huduma. Msichana mjamzito aliyefukuzwa nyumbani amekuja kutafuta pa kulala na matunzo, na mahubiri ameshayapata huko alikotoka. Ikiwa kuna jambo ambalo dhamiri yako haikuruhusu kabisa kulisimamia, mjulishe msimamizi mapema ili mhusika ahamishiwe kwa mwingine bila kuaibishwa.

Nimefeli kozi moja ya utangulizi. Nini kinafuata?

Kwa kawaida utafanya mtihani wa marudio, maarufu kama «sapu». Ukifeli tena, hatua hutegemea kanuni za chuo: kuibeba kozi mwaka unaofuata, kurudia mwaka, au kuondolewa wastani ukishuka chini ya kiwango. Angalia kwanza kama alama zako za muhula zilijumlishwa sawasawa, kwa sababu makosa ya kujumlisha hutokea, na muda wa kukata rufaa ni mfupi.

Naweza kuhamisha krediti kutoka Kenya, Uganda au Kongo?

Inawezekana, lakini haiji yenyewe. Utahitaji nakala rasmi ya matokeo, muhtasari wa kila kozi, na ulinganifu wa cheti kutoka mamlaka ya nchi unakokwenda. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa, iliyofufuliwa baada ya ile ya kwanza kuvunjika, mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, na mazungumzo ya kuoanisha elimu ni ya siku nyingi. Hata hivyo uanachama wa nchi haufanyi cheti kikubalike mezani kwa msajili. Aliyesoma kwa Kifaransa aandae tafsiri iliyothibitishwa. Wahi miezi kadhaa kabla ya udahili kufungwa.

Nina miaka zaidi ya arobaini. Nitakuwa kichekesho darasani?

Utakuwa mtu anayeombwa daftari. Kozi hizi huwafaa watu wazima, kwa kuwa mtu aliyewahi kuuguza mzazi au kuishi ughaibuni huja na mifano ambayo kitabu hakina. Ugumu wako utakuwa ada, muda na kompyuta. Ulizia masomo ya jioni, ulizia kama chuo kinatambua uzoefu wa kazi katika udahili, na jifunze kuchapa kabla ya muhula kuanza.